Ugumu wa maji ya kisima: madini mengine yanapovuruga kipimo

Karatasi ya matokeo ya maabara huja na mistari mingi, lakini kamati nyingi za maji hutafuta kwanza ule wa ugumu. Sababu inajulikana katika kila boma linalotumia kisima. Sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinageuka kijivu, sufuria ya chai inajenga utando mweupe ndani, na kichwa cha bafu kinaziba tundu moja baada ya jingine. Mkaazi hahitaji maabara kujua kwamba maji yake ni magumu. Anachotafuta kwenye karatasi ni kiasi gani.

Na kiasi hicho hubeba uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa nambari hiyo kamati huamua kama itatumia akiba ya mwaka mzima kununua mtambo wa kulainisha maji, au itachanganya maji ya visima viwili, au itaacha mambo yalivyo. Nambari ikiwa na makosa, pesa za wakaazi hufuata makosa hayo.

Ugumu hupimwa kwa njia iitwayo titresheni. Ni njia ya zamani, ya bei nafuu na ya kuaminika, na ndiyo inayotumiwa katika maabara nyingi za maji. Ila ina udhaifu mmoja: inategemea rangi kugeuka ndani ya chupa, na kuna madini mengine ndani ya maji, yasiyo na uhusiano na ugumu, ambayo huweza kuizuia rangi hiyo isigeuke, au kuifanya igeuke kwa kuchelewa. Makala haya yanaeleza jinsi hilo linavyotokea, na maswali ambayo kamati au mkaazi anaweza kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ugumu unatoka wapi

Maji magumu ni maji yaliyoyeyusha kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Katika Kaunti ya Kilifi chanzo cha kwanza kiko chini ya miguu. Ukanda wa pwani kutoka Mtwapa kupitia Kilifi mjini hadi Watamu na Malindi umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ule unaokatwa kuwa matofali ya kujengea. Mwamba huo ni kaboneti ya kalsiamu. Maji ya mvua yanapopita kwenye udongo huchukua gesi ya kaboni dioksidi, huwa na asidi kidogo, na asidi hiyo huyeyusha mwamba polepole. Ndani zaidi, upande wa Kambe, kuna mwamba mwingine wa chokaa, wa umri mkubwa zaidi, unaofanya kazi ileile.

Chanzo cha pili ni bahari. Kisima kilicho karibu na ufuo kikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi husogea chini ya ardhi kuelekea kisimani. Maji ya bahari yana takriban miligramu 1,290 za magnesiamu na 410 za kalsiamu katika kila lita, ambazo kwa hesabu ya maabara ni ugumu wa karibu miligramu 6,300. Asilimia mbili tu ya maji ya bahari ikichanganyika na maji ya kisima, ugumu huongezeka kwa miligramu 125 hivi. Ndiyo maana kisima cha pwani ambacho ugumu wake unapanda mwaka hadi mwaka kinafaa kupimwa na chumvi pia. Huenda tatizo si mwamba bali ni pampu inayovuta kuliko kisima kinavyoweza kujaza.

Ugumu huandikwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu kwa lita, hata kama sehemu yake ni magnesiamu. Ni desturi ya wapimaji tu, ili nambari zilinganishwe kwa urahisi. Kwa mgawanyo unaotumika sana, chini ya miligramu 60 ni maji laini, kufikia 120 ni ya wastani, kufikia 180 ni magumu, na kupita hapo ni magumu sana. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaruhusu hadi miligramu 300 kwa maji yaliyotibiwa na hadi 600 kwa maji ya asili yasiyotibiwa.

Kuhusu afya, wakaazi wengi huuliza kama maji magumu yanaleta mawe kwenye figo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kalsiamu na magnesiamu ni virutubisho. Gharama ya maji magumu iko kwenye sabuni, kwenye kuni na makaa, kwenye hita na mabomba. Na maji laini nayo si cheti cha usalama. Katika Bonde la Ufa, maeneo ya Nakuru na Naivasha, kuna visima vyenye maji laini kabisa ambavyo vina floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa, kwa sababu kalsiamu ambayo ingeishika floraidi hiyo na kuizamisha ni haba.

Chupa, bureti na rangi mbili

Kipimo cha kwanza cha ugumu kilitumia sabuni. Thomas Clark, mwanakemia wa Aberdeen huko Scotland, alikieleza mwaka wa 1841: unaongeza maji ya sabuni kidogo kidogo hadi povu lidumu, kisha unahesabu sabuni iliyotumika. Wanafunzi wa Kidato cha Nne bado hulifanya jaribio hilo katika somo la kemia, na si jaribio baya. Ndilo kila mama anayefua hulifanya bila kuliita jina.

Njia ya leo ilitokana na kazi ya Gerold Schwarzenbach huko Zurich, Uswisi, katika miaka ya 1940. Inatumia kemikali iitwayo kwa kifupi EDTA. Kazi ya EDTA ni kukamata ayoni za metali, yaani chembe za metali zilizoyeyuka zikiwa na chaji ya umeme. Chembe moja ya EDTA hukamata ayoni moja na kuizingira pande zote kama kaa anavyofunga gando. Kwa kuwa ni moja kwa moja, ukijua EDTA iliyotumika unajua ayoni zilizokuwamo.

Mpimaji huchukua mililita 50 za maji ya kisima na kuziweka kwenye chupa. Huongeza mchanganyiko wa amonia ili pH ikae kwenye 10. Kisha hutia kiashiria, rangi kali iitwayo Eriochrome Black T. Kiashiria hiki kikiwa peke yake kwenye pH hiyo ni cha buluu. Kikishikana na magnesiamu au kalsiamu huwa chekundu cha zambarau, kama maji ya rosela. Chupa inaanza ikiwa nyekundu. EDTA hushushwa kutoka kwenye bureti tone kwa tone huku chupa ikitikiswa. Hukamata kwanza kalsiamu iliyo huru, halafu magnesiamu iliyo huru, na mwishoni huinyang'anya kiashiria ile magnesiamu kidogo kilichoishikilia. Hapo chupa inageuka kutoka nyekundu kuwa buluu. Hicho ndicho kikomo. Mpimaji anafunga bureti na kusoma.

Kwa EDTA ya nguvu ya kawaida, moli 0.01 kwa lita, kila mililita moja iliyotumika ni sawa na miligramu moja ya kaboneti ya kalsiamu. Zikitumika mililita 13 kwa sampuli ya mililita 50, ugumu ni miligramu 13 gawanya kwa lita 0.05, yaani 260 kwa lita. Hesabu yenyewe ni ya darasa la msingi. Ugumu wa kazi uko katika kuona kikomo kilipofika.

Vipimo vya mkononi vinavyouzwa madukani, vile vya kuhesabu matone kwenye kichupa, ni kemia hiihii iliyopunguzwa. Tofauti ni kwamba tone moja huweza kuwakilisha miligramu 17 au 20 kwa lita, kulingana na mtengenezaji. Anayekosea matone matatu amekosea kwa miligramu 50 au 60.

Wasioalikwa

EDTA haichagui. Inakamata karibu kila metali iliyoyeyuka, na nyingi inazikamata kwa nguvu kuliko kalsiamu. Wanakemia hupima nguvu hiyo kwa kipimo ambacho kila hatua moja ya juu ni mara kumi. Magnesiamu iko kwenye 8.7 na kalsiamu kwenye 10.7. Manganizi iko karibu na 14, alumini 16, zinki 16.5, risasi 18, nikeli na shaba karibu na 19. Chuma kilichooza hewani, kile chenye rangi ya kutu, kiko kwenye 25. Kwa hiyo metali hizi zikiwemo kwenye chupa, EDTA inaweza kutumika kwao kabla ya kufika kwa kalsiamu, na mpimaji ataziandika kama ugumu.

Hapo ndipo maelezo mengi yanapoishia: chuma kinakula EDTA, nambari inapanda. Ni kweli, lakini kwa maji ya kawaida ya kisima si hilo linaloleta hasara kubwa. Hesabu inaonyesha. Miligramu moja ya chuma ikikamatwa yote hujihesabu kama miligramu 1.8 za ugumu. Manganizi ni hivyohivyo, zinki ni 1.5, shaba ni 1.6, alumini ni 3.7. Maji yenye miligramu 3 za chuma kwa lita ni maji mabaya tayari, mara kumi ya kikomo cha 0.3 kilicho kwenye kiwango. Yana ladha ya msumari na yanachafua nguo. Lakini hata yakikamatwa yote, yataongeza ugumu kwa miligramu 5 na nukta chache. Juu ya 260, hakuna uamuzi wowote wa kamati utakaobadilika kwa 5.

Hasara kubwa inatoka upande wa kiashiria. Chuma, alumini, shaba, nikeli na kobalti hushikana na Eriochrome Black T na hazikubali kuachia, au huachia polepole mno. EDTA inafika, imeshamaliza kalsiamu yote na magnesiamu yote, lakini chupa bado ni nyekundu kwa sababu kiashiria kimefungwa na metali nyingine. Wapimaji husema kiashiria kimezibwa. Mpimaji aliye peke yake, mwenye sampuli thelathini za kumaliza kabla ya saa kumi, anaendelea kushusha EDTA akingoja buluu ambayo inakuja kwa kusitasita: nyekundu, kisha zambarau, kisha zambarau iliyofifia, kisha rangi isiyo na jina. Akifunga bureti kwenye mililita 17 badala ya 13, ameandika 340 badala ya 260. Kwa mradi wa maji yaliyotibiwa, 260 iko ndani ya kiwango cha 300 na 340 iko nje. Tofauti hiyo ya mililita nne ndiyo tofauti kati ya kununua mtambo na kutonunua.

Manganizi ina tabia yake. Kwenye pH 10, hewa huigeuza kuwa chembe za rangi ya kahawia, na chembe hizo huanza kukiharibu kiashiria chenyewe, hivyo rangi inafifia huku mpimaji akiitazama. Chuma nacho kikiwa kingi hutoa ukungu wa kutu ndani ya chupa, na kutambua buluu nyuma ya ukungu wa kutu ni kazi ya kubahatisha.

Kuna pia vizuizi vinavyopunguza nambari badala ya kuipandisha. Fosfati inayotoka kwenye mbolea au maji taka, na kaboneti iliyo nyingi kwenye maji yenyewe, huweza kushikana na kalsiamu mara tu pH inapopandishwa. Kalsiamu inazama kama unga mweupe, EDTA haiipati kwa wakati, na kikomo kinafika mapema. Kisha baada ya nusu dakika chupa inarudi kuwa nyekundu kwa sababu unga umeanza kuyeyuka tena. Ndiyo sababu maelekezo ya kipimo yanataka kazi imalizwe ndani ya dakika tano tangu amonia itiwe. Sampuli ikiwa ngumu sana, huchukuliwa kidogo, mililita 25, na kujazwa kwa maji safi ya maabara.

Metali hizi zimeingiaje

Baadhi zimo ardhini. Nyingine zinaletwa na watu wenyewe. Bomba la chuma lililopakwa zinki, lile la fedha linalouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, huachia zinki kwanza na baadaye chuma, hasa maji yakiwa na asidi kidogo au chumvi. Pampu ya mkono yenye mabomba hayo ikilala usiku kucha, maji ya kwanza ya asubuhi huwa na rangi ya chai na yale ya saa nne ni meupe. Kulikumba tatizo hilo Afrika nzima, na ni mojawapo ya sababu pampu ya Afridev, iliyofanyiwa majaribio nyanjani huko Kwale katika miaka ya 1980, hutumia bomba la plastiki kupandisha maji. Kwa hiyo sampuli ya alfajiri kutoka pampu yenye bomba la chuma hupima bomba zaidi ya inavyopima kisima.

Maji ya mvua yanayovunwa kwenye mabati ni mfano mwingine wa kuchekesha kidogo. Mvua haina ugumu wa maana. Lakini ikikaa kwenye tangi la mabati na kuokota miligramu 5 za zinki kwa lita, kipimo kitasema ina ugumu wa karibu 8. Nambari ni ndogo na haimdhuru mtu, ila yote ni ya uongo. Hakuna kalsiamu hapo.

Dawa za kuzuia, na moja ya kuogopwa

Maabara zina njia za kuwanyamazisha hawa wasioalikwa. Kemikali nyingine hutiwa kabla, inashikana na metali inayosumbua na kuishikilia, huku ikiiacha kalsiamu na magnesiamu kwa EDTA. Trietanolamini hushika chuma na alumini, lakini lazima itiwe maji yakiwa bado na asidi, kabla ya amonia. Ikitiwa baadaye chuma kimeshageuka kutu na hakishikiki. Kosa hilo la kubadilisha mpangilio ni dogo machoni na hufanya dawa isiwe na maana. Sulfidi ya sodiamu huzamisha shaba, zinki na risasi. Harufu yake ni ya yai viza, na chupa yake isipofungwa vizuri hewa huiharibu. Kwa manganizi hutumiwa hidroksilamini, ambayo huizuia isigeuke kahawia.

Dawa yenye nguvu kuliko zote ni sianidi ya sodiamu, na imo kwenye vitabu vya maabara. Inafanya kazi vizuri kwa shaba, zinki, nikeli na kobalti. Pia inaua. Ikigusana na asidi, hata asidi iliyobaki kwenye sinki, hutoa gesi inayoweza kumuua mtu chumbani kwa dakika chache. Maabara yenye feni ya kuvutia gesi, mafunzo na mpango wa kutupa taka zake inaweza kuitumia. Maabara ya shule haifai kuwa nayo kabisa, na hakuna kamati ya maji inayopaswa kukubali fundi aje nayo kisimani, hata akisema ana uzoefu wa miaka. Nambari ya ugumu haina thamani ya kuhatarisha uhai wa mtu, na zipo njia nyingine.

Moja ya njia hizo haihitaji kemikali yoyote ya ziada. Sampuli inapimwa kama ilivyo, kisha inapimwa tena ikiwa imezimuliwa nusu kwa maji safi ya maabara. Ugumu wa pili ukizidishwa kwa mbili unapaswa kulingana na wa kwanza. Usipolingana, kuna kitu kinachezea kiashiria. Mpimaji makini hufanya hivi bila kuombwa kila anapoona rangi inasita. Lakini njia hii ina mpaka wake: metali inayokula EDTA bila kuziba kiashiria, kama zinki, hupungua kwa nusu pamoja na kalsiamu, kwa hiyo hesabu italingana na kosa litabaki limejificha. Huyo hupatikana tu kwa kupima metali yenyewe kando na kuitoa kwenye jumla. Maabara zenye mashine ya kusoma kila metali kwa mwanga wake hupima kalsiamu na magnesiamu moja kwa moja na kukokotoa ugumu: kalsiamu mara 2.5, magnesiamu mara 4.1, jumlisha. Hapo kiashiria hakihusiki hata kidogo.

Nambari inaponunua mtambo usiofaa

Chukua mfano wa kamati yenye kisima cha maji ya kutu. Wakaazi wanalalamika: nguo zinachafuka, sabuni inaisha, chai ina rangi nyeusi. Kipimo cha haraka kinasema ugumu ni 340. Muuzaji anakuja na mtambo wa kulainisha, ule wa tangi lililojaa punje ndogo za plastiki zinazobadilishana kalsiamu na sodiamu ya chumvi. Unafungwa. Baada ya miezi michache maji yanarudi yalivyokuwa, kwa sababu chuma kimezipaka kutu zile punje na kuziziba. Tatizo lilikuwa chuma tangu mwanzo. Chuma huondolewa kwa kurusha maji hewani yakaoza kisha kupitishwa kwenye mchanga, kazi ambayo fundi wa kijijini anaweza kuijenga kwa saruji na kokoto. Kwa bahati mbaya kifaa kilichosema 340 kilipotoshwa na chuma hichohicho.

Mtambo wa kulainisha una gharama nyingine isiyotajwa kwenye kipeperushi. Kwa kila miligramu 100 za ugumu unaoondolewa, maji hupata miligramu 46 za sodiamu. Maji ya 340 yakilainishwa kabisa hubeba zaidi ya miligramu 150 za sodiamu zilizoongezwa kwa lita. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi anastahili kulijua hilo, na nyumba zenye mtambo huu hufanya vyema kuacha bomba moja la maji ya kunywa bila kulainishwa.

Tahadhari pia na kifaa kidogo cha kidijitali kinachochovywa kwenye glasi na kuonyesha nambari papo hapo. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani chumvi zote kwa jumla. Hakijui kalsiamu ni ipi na chumvi ya mezani ni ipi. Anayekitumia kusema "maji yako ni magumu" hajapima ugumu.

Sampuli na maswali

Sampuli mbaya haiokolewi na maabara nzuri. Fungua bomba au pampu maji yatoke kwa dakika tano au zaidi, hadi yawe yale ya kisimani na si ya bombani. Tumia chupa safi ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, jaza hadi juu na ufunge. Chupa ya soda iliyooshwa kwa sabuni ya unga haifai, kwani baadhi ya sabuni hizo huwa na kemikali zinazoshika kalsiamu.

Wengine hushauri maji ya kutu yaachwe usiku mzima ili kutu izame, kisha maji ya juu yapelekwe kupimwa. Inasaidia kuondoa chuma, lakini maji ya mwamba wa chokaa yakikaa wazi hupoteza gesi yake ya kaboni dioksidi, na kalsiamu huanza kuzama pamoja na kutu. Kipimo kitaonyesha ugumu mdogo kuliko ulio kisimani. Maabara huzuia yote mawili kwa kutia asidi kidogo ya nitriki kwenye chupa ya sampuli. Kwa hiyo omba chupa ya maabara yenyewe badala ya kupeleka ya nyumbani, na usiimwage asidi iliyomo ukidhani ni maji machafu.

Huduma za maji na usafi zilikuja chini ya kaunti kupitia Katiba ya 2010, na afisa wa afya ya umma wa wadi ndiye mlango wa karibu kwa mkaazi anayetaka kujua sampuli ipelekwe wapi. Matokeo yakirudi, maswali manne yanatosha. Je, chuma na manganizi vilipimwa kwenye sampuli ileile? Kikomo kilikuwa wazi au rangi ilisita? Ilitumika dawa gani ya kuzuia, kama ilitumika? Na je, sampuli ilirudiwa ikiwa imezimuliwa? Mpimaji aliyefanya kazi yake atajibu kutoka kwenye daftari lake bila kukasirika. Chuma kikiwa juu ya 0.3 na maswali mengine hayana majibu, kamati inaweza kuomba kipimo kirudiwe kabla ya mkataba wowote wa mtambo kutiwa sahihi, na sampuli ya pili ichukuliwe mchana, baada ya pampu kufanya kazi tangu asubuhi.